Mtoto kaja na tiketi ya sarakasi yenye wanyama: jinsi ya kuikagua kabla hujalipa

Mwanangu wa kike ana miaka saba. Mwaka jana mwezi wa nne alirudi shule kashika tiketi mbili za bure za sarakasi, zile karatasi za rangi rangi wanazogawiwa watoto, mtoto anaingia bure mzazi ndo analipa, na ukishakuwa ndani kikombe cha bisi bei yake unapata kilo ya nyama. Tunaishi Ujerumani, mji mdogo tu, na kila baridi ikiisha malori yanakuja yanajipanga kwenye kiwanja kile kilicho nyuma ya supamaketi. Kwenye karatasi kulikuwa na ngamia, farasi weupe na simba kafungua mdomo. Mtoto akaniuliza, "Baba, huyu simba wa kwetu?" Nikamwambia eeh wa kwetu. Halafu usiku nimelala nawaza, wa kwetu kafikaje huku na saa hizi kalala wapi na nje digrii tatu.

Maana kwetu sarakasi ni watu jamani. Mimi nimekulia Temeke, ukisema sarakasi mtu anaelewa vijana wanaopandana mabegani mpaka wanakuwa mnara, wanaopita kwenye pete ya moto, wanaobiringita hewani bila godoro chini. Wakenya ndo usiseme, Nairobi kuna Sarakasi Trust kabisa na ukumbi wao pale Ngara zamani ilikuwa sinema. Ya tembo kusimama kichwa chini nimekuja kuikuta huku. Kwahiyo ilibidi nijifunze kuikagua, na wenzangu wengi mlioko huku mnaniuliza kila tiketi zikigawiwa shuleni, basi nimeamua niandike mara moja. Mlioko nyumbani msikimbie, yenu iko mwishoni.

Anza na karatasi yenyewe

Isome yote, hadi maandishi madogo. Tazama ni wanyama gani, maana hawalingani. Farasi, mbuzi, mbwa, hawa wameishi na binadamu maelfu ya miaka, farasi anaweza kufundishwa kwa karoti na uvumilivu na akaishi vizuri akipata sehemu ya kukimbia na farasi wenzie. Simba, chui milia, dubu, tembo, hata akizaliwa mikononi mwa mtu bado mwili na kichwa vinadai vitu ambavyo trela haina. Ukiona hao kwenye karatasi, usiitupe lakini anza kuwa na maswali.

Usijidanganye kwamba kama kibali kipo basi mambo safi. Sheria zinatofautiana kama mchana na usiku. Bolivia 2009 ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi, wa porini na wa kufugwa, ndo nchi ya kwanza kufika huko. Uingereza ilipitisha sheria yake 2019 ikaanza kazi Januari 2020, na kinachochekesha ni kwamba wakati huo wanyama wa porini waliobaki kwenye sarakasi za England zenye leseni walikuwa 19 tu, wengi wao ngamia, pundamilia na kulungu wa nchi za baridi (reindeer), hata mbweha mmoja yumo. Ufaransa walipitisha 2021 na wamezipa sarakasi zinazohamahama mpaka 2028. Huku kwetu Ujerumani marufuku ya nchi nzima ndo hiyo inapigwa danadana miaka nenda rudi, miji mingine ikajaribu kuwanyima kiwanja na mahakama zikasema hamna mamlaka hayo. Kwahiyo ukiuliza ukajibiwa "tunaruhusiwa kisheria", ni kweli, ila hujajibiwa ulichouliza.

Pita nyuma ya turubai

Hapa ndo pa kutumia muda wako wote. Onyesho la mnyama ulingoni ni dakika kumi, kumi na tano. Muda mwingine wote wa siku anaishi nyuma kule, na kule tiketi haihitajiki, unazunguka tu na mtoto kama mnaenda dukani. Sarakasi nyingi huku zenyewe zinafungua sehemu ya wanyama wakati wa mapumziko, unalipa euro mbili tatu unaenda kuwaona. Mimi nashauri nenda siku moja kabla, asubuhi, halafu rudi jioni, nitakwambia kwanini.

Anza na ardhi. Lami tupu au nyasi? Miguu ya tembo ndo inayomuua mapema akiwa kifungoni, nyayo zinaoza na viungo vinaharibika kwa kusimama sehemu ngumu. Akiwepo tembo angalia kifundo cha mguu wa mbele na wa nyuma, ukiona pete ya ngozi iliyokwanguka haina vinyweleo jua hapo ndo mnyororo unapokaa usiku. Angalia nyuma ya masikio pia. Kuna fimbo yenye ndoano ya chuma nchani ya kumwongozea tembo, na ndoano inashikia sehemu laini, nyuma ya sikio, chini ya kidevu, nyuma ya goti, makovu huwa hapo hapo.

Ngamia mwangalie nundu. Ikiwa imelegea imelala upande kama soksi, akiba yake imepungua. Farasi mwangalie kwato na mbavu. Wote angalia maji, yapo au ndoo imekauka, kivuli kipo au jua linawapiga, na je yuko na mwenzie wa aina yake au yuko peke yake, maana tembo peke yake ni mfungwa wa kifungo cha upweke hata ukimjengea hoteli.

Halafu simama. Weka simu mfukoni usimame dakika kumi umtazame mnyama mmoja tu. Unachotafuta ni mwendo unaojirudia. Tembo anayeyumba kushoto kulia kushoto kulia hachezi muziki, hata kama kipaza sauti kinapiga muziki. Simba anayekwenda na kurudi njia ileile mpaka kaikwangua sakafu, dubu anayezungusha kichwa, farasi anayetafuna ubao. Hapo tuwe waungwana: mnyama anaweza kuwa anazunguka kwasababu chakula kinakaribia na anajua, au tabia aliipata sehemu mbaya ya zamani ikamganda ingawa sasa kahamishwa pazuri. Ndo maana nikasema rudi mara mbili saa tofauti. Ukimkuta asubuhi na jioni anafanya kilekile, hiyo siyo njaa.

Mimi nilienda. Ngamia walikuwa poa kabisa, wanne kwenye nyasi, nyasi kavu tele, wamejilaza wanatafuna kama wazee wa kahawa. Farasi sawasawa. Simba alikuwa kwenye trela yenye nyavu upande mmoja, na mbele yake kauzio kadogo ka nje kako wazi lakini hakuwa huko. Nikaanza kuhesabu. Hatua nne, anageuka. Hatua nne, anageuka. Mwanangu kasimama pembeni yangu kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Baba, anatafuta nini?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Uliza watu, wapo wanaojibu

Wakati nimesimama pale akapita kijana mweusi kavaa ndala kwenye baridi ile, kabeba ndoo, akaniangalia mara mbili akasema "Shikamoo bro." Nusu nianguke. Mtoto wa Tanga! Yuko na wenzie wanne, wanafanya mnara na kamba, mkataba wa msimu mmoja. Watu wetu wako kila kona ya dunia hii.

Nikamuuliza kuhusu simba. Akasema "Bro, huyo mzee, kazaliwa humuhumu kwenye sarakasi, mama yake na bibi yake hivyohivyo. Afrika haijui." Kwahiyo simba wa kwetu hakuwa wa kwetu, ni Mjerumani kuliko mimi. Na huwezi kusema mrudisheni porini, akirudishwa Serengeti wiki haiishi simba wenyeji wamemuua au njaa imemmaliza, hajawahi kuwinda hata panya.

Ukipata mtu wa kuongea naye, hasa mwenye wanyama mwenyewe, uliza hivi. Wakati wa baridi mnakaa wapi na wanyama wanakaa kwenye nini huko? Safari kwa mwaka mara ngapi? Mazoezi ya wanyama yako wazi, naweza kuja kutazama? (Wapo wanaoruhusu, na aliyeruhusu nampa alama, kwasababu mafunzo ya kumpa chakula akifanya vizuri hayana cha kuficha.) Akizeeka anaenda wapi? Hilo la mwisho ndo kipimo, tembo anaweza kuvuka miaka 60, ni mnyama wa kukuzika wewe, sasa mtu asiye na jibu la uzeeni ina maana hajapanga.

Utaambiwa "hawa ni familia yetu". Usicheke, mara nyingi mtu anamaanisha. Denmark 2019 serikali ilinunua tembo wanne wa mwisho wa sarakasi za nchi hiyo kwa kroner milioni 11, na mmoja wao, Ramboline, alikuwa kaishi na ngamia anaitwa Ali mpaka wamekuwa marafiki, ikabidi ngamia naye anunuliwe wasitenganishwe. Watu wakapiga kelele kuhusu bei, ila mimi naona mnyama anayeshikamana na ngamia kwa kukosa tembo mwenzie, hiyo inakwambia upendo ulikuwepo na bado kuna kitu kikubwa kilipungua.

Ulingoni sasa, ukiamua kuingia

Jiulize kila mchezo mnyama anaufanya lini mwenyewe bila kuambiwa. Farasi kukimbia duara, sawa. Mbwa kuruka, mbwa anapenda. Simba kupita kwenye moto, hapo kuna kitu anakiogopa zaidi ya moto. Dubu kuendesha baiskeli sihitaji kueleza. Angalia masikio yakilala nyuma, mkia, macho yanakwenda kwenye mjeledi au kwenye nyama mkononi mwa mkufunzi.

Na usalama wako usiusahau. Tembo anaitwa Tyke, alikamatwa Msumbiji akiwa mdogo, Agosti 1994 kule Honolulu alimuua mkufunzi wake katikati ya onyesho akatoka mtaani, polisi wakampiga risasi zaidi ya 80 watu wanatazama. Na kabla ya siku hiyo alishawahi kuponyoka kwenye maonyesho. Kabla yake miaka zaidi ya mia kuna Jumbo, yule ambaye jina lake leo wanayaita mandege makubwa (wapo wanaodai limetoka kwenye jambo au jumbe ya kwetu, mimi nalipenda ila siliapii). Alikamatwa akiwa mtoto huko upande wa Sudan, akapelekwa Paris, 1865 akafika London akabeba watoto mgongoni miaka na miaka, 1882 akauzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, na 1885 akagongwa na treni Ontario, Kanada, wakati wanawapakia kwenye mabehewa. Hakufika miaka 30.

Vidio za mtandaoni

Tahadhari hapa. Utatumiwa kavidio ka mtu anampiga tembo, halina tarehe halina sehemu, limeandikwa "sarakasi ya mjini kwenu". Usiforwadi. Kesi ya Ringling Bros, sarakasi ya Marekani, inafundisha pande zote. Kampuni inayoimiliki ilikubali kulipa faini ya dola 270,000 mwaka 2011 kwa mambo ya ustawi wa wanyama, sawa. Lakini mashirika ya kutetea wanyama yaliyoishtaki kuhusu tembo nayo yalishindwa, ikagundulika shahidi wao mkuu alikuwa analipwa, na 2014 wakaishia kuilipa kampuni zaidi ya dola milioni 15. Ringling wenyewe walitoa tembo 2016, wakafunga 2017, wakarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Kwahiyo amini macho yako kuliko grupu la WhatsApp, na mimi nimo.

Ukiona mateso kweli

Usigombane na yule anayefagia samadi, mara nyingi naye kalala kwenye trela na mshahara wake wa mawazo. Piga picha ukiwa nje ya uzio, andika tarehe, saa, sehemu, mnyama gani na namba za trela. Ujerumani unapeleka kwa Veterinäramt ya wilaya (ofisi ya serikali ya madaktari wa wanyama), hao ndo wenye mamlaka ya kwenda kukagua, na sarakasi lazima iwe na kibali cha kuonyesha wanyama. Fanya haraka, wiki ijayo wako wilaya nyingine na faili linaanza upya. Andika ulichokiona tu. "Ndoo ilikuwa tupu saa nne asubuhi na saa kumi jioni" ina nguvu kuliko "wanawatesa sana".

Mtoto je

Hili ndo lilinipa shida, maana mtoto ana tiketi mkononi na wenzie darasani wote wanaenda. Usimwambie wale ni watu wabaya, kesho ataenda kumwambia rafiki yake kwamba baba yake ni mbaya. Mpeleke nyuma kwanza aone mwenyewe, halafu muulize. Wangu alisema anataka kuwaona akina kaka wa Tanga lakini hataki kumuona simba. Kijana akasema njooni kesho mchana tuko mazoezini. Tukaenda, wakapanda mnara wa watu watano kwenye nyasi na jaketi zao, tukawapelekea maandazi na chai ya tangawizi, sikulipa tiketi na sikumnyima yule mdogo wangu wa Tanga heshima ya kazi yake. Najua si kila mtu atabahatika hivyo. Basi tafuta zisizo na wanyama, zipo tele, Roncalli ya hukuhuku tangu 2018 haina mnyama, tembo na farasi wao ni wa mwanga tupu wanaelea hewani, na Cirque du Soleil tangu 1984 inaishi kwa miili ya watu.

Mlioko nyumbani, na sisi tukija likizo

Hatuna matembo ya kwenye baiskeli ila tunavyo vyetu. Ngamia wa ufukweni Mombasa, chatu wa kuvalishwa mtalii shingoni, tumbili mwenye mnyororo kiunoni anapigwa picha, kasa waliofungiwa kwenye dimbwi watu wanaogelea nao. Ukaguzi ni uleule: maji, kivuli, mwenzie, kidonda, anaweza kuondoka akichoka? Na Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, haijafia kabatini, inasomeka.

Ukitaka mtoto aone tembo karibu, kwa Sheldrick pale Nairobi wanafungua saa moja tu kwa siku, saa tano mpaka saa sita, unabuku mapema. Watoto wa tembo walioachwa yatima wanakuja wananyonya chupa, wanagaragara kwenye tope, saa ikiisha wanaondoka na hakuna anayewalazimisha kukusalimia, na wakikua wanahamishiwa Tsavo kujifunza pori taratibu.

Pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar, ndo nataka mniskize. Mpaka 1996 walikuwa wanavuliwa wawe chambo cha papa, utalii ndo ulioonyesha kwamba pomboo hai ana pesa kuliko chambo, kwahiyo sitasema msiende, boti zile zimesomesha watoto wa watu. Shida ni boti kumi zinamkimbiza pomboo mmoja na mama yake, watalii wanaruka majini juu ya vichwa vyao. Kabla hujapanda ongea na nahodha mapema, tena kwa heshima, yeye ndo mwenye bahari: "Kaka, sisi hatuna haraka, tukiwaona zima mashine mbali, usiwakatie mbele, na wakiondoka tusiwafuate, pesa yako iko palepale." Hiyo ya mwisho ndo ya kusema kwanza, maana wengi wanakimbiza kwasababu wanaogopa mgeni atalalamika hajaona kitu. Sisi Desemba tulifanya hivyo, nahodha akazima mashine tukakaa tunaelea karibu nusu saa tunakula machungwa. Wakaja watatu wenyewe, wakapita chini ya boti, wakaenda zao. Mwanangu hakuuliza wanatafuta nini.